Miti Mizuri Ilipokataa: Somo Kutoka kwa Mwenye Heri Alberto Marvelli, Kijana wa Serikali ya Mji



Leo nina somo la siasa. Najua wengine mmeshaanza kutafuta pa kutokea. Subirini kidogo basi, maana somo lenyewe linaanza na kosa langu mimi.

Nilipomaliza falsafa nilipangiwa mwaka wa uchungaji kwenye parokia ya mji mmoja mdogo. Nilikabidhiwa vijana, na kati yao alikuwepo kaka mmoja, fundi umeme wa majumbani, katibu wa VIWAWA. Kijana wa kazi kweli. Kila masika mtaro ulio karibu na shule ya msingi ulikuwa unaziba, maji yanaingia madarasani, na yeye ndiye aliyekuwa anakusanya wenzake na majembe kwenda kuuzibua. Jioni moja baada ya Rozari akaniita pembeni. Akasema, "Frateri, wazee wa mtaa wananiambia nichukue fomu ya udiwani. We unaonaje?"

Sasa mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye vitabu. Nilimjibu kwa dakika ishirini. Nikampa historia ya falsafa ya madaraka, nikamweleza jinsi cheo kinavyombadilisha mtu, nikamalizia kwa kusema siasa ina matope, na anayependa roho yake aangalie anakanyaga wapi. Akanisikiliza kwa heshima, akasema, "Asante Frateri," akaenda zake.

Masika yaliyofuata nilimkuta palepale kwenye mtaro, suruali ameikunja hadi magotini. Nikamuuliza habari za ile fomu. Akasema tu, "Sikuchukua, Frateri. Si ulisema inachafua?" Akaendelea kuchimba, na matope yalikuwa yamemfika kwenye magoti.

Hakunilaumu. Lakini neno lile lilinifuata hadi seminarini, na ndilo lililonifanya nirudi kusoma upya. Haya ninayowaletea leo ndiyo ningepaswa kumwambia jioni ile.

Hadithi ya miti

Fungueni Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, aya ya 8 hadi ya 15. Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kuwapigia kelele watu wa Shekemu. Anawasimulia kwamba siku moja miti ilitafuta mfalme. Ikauendea mzeituni, mzeituni ukasema, niache mafuta yangu kwa ajili ya kazi hiyo? Ikauendea mtini, nao ukajitetea kwa utamu wa matunda yake. Ikauendea mzabibu, nao vilevile, ukaitaja divai yake. Mwishowe miti yote ikauendea mti wa miiba. Ule haukuwa na cha kupoteza. Ukakubali mara moja, na papo hapo ukaanza kutoa vitisho vya moto.

Angalieni vizuri: mzeituni haukusema uongo, maana mafuta yake yalikuwa na kazi kweli. Mtini nao haukuwa mvivu. Kila mti mzuri ulikuwa na sababu nzuri. Lakini jumla ya sababu zile nzuri ikawa ni utawala wa miiba. Hata Plato, ambaye hakuwahi kuisoma Biblia, aliligusa jambo hili katika Jamhuri yake: mtu mwema akikataa kuongoza, adhabu yake ni kuongozwa na aliye mbaya kuliko yeye.

Nilikuwa nimeisoma Jamhuri. Nilikuwa nimeifanyia hata mtihani. Lakini fundi umeme aliponijia, nilimsaidia mzeituni kutafuta sababu ya kukataa.

Alberto ni nani?

Sasa niwatambulishe kwa kijana ambaye hakukataa. Anaitwa Alberto Marvelli. Niwe mkweli tangu mwanzo: hakuwahi kuwa meya. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa serikali ya mji, wale wanaokaa meza moja na meya na kukabidhiwa idara. Nimemchagua kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi tukiota uongozi tunaota joho na mkufu wa meya. Kumbe hata hapa kwetu Tanzania meya hapigiwi kura na wananchi moja kwa moja. Anachaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao. Safari ya umeya inaanzia kwenye kata, kwenye mambo ya mitaro, vibanda vya soko na taka. Alberto hakufika mwisho wa safari hiyo. Lakini aliianza vizuri, na Kanisa limeona inatosha kumwita Mwenye Heri.

Alizaliwa Ferrara, Italia, tarehe 21 Machi 1918. Mwaka 1930 familia ilihamia Rimini, mji wa pwani ya bahari ya Adriatiki. Hapo akakulia kwenye oratorio ya Wasalesiani, kituo cha vijana cha michezo, sala na katekesi kama alivyokianzisha Don Bosco. Alipenda michezo sana: mpira, kuogelea, tenisi, na zaidi ya yote baiskeli. Ikumbukeni hiyo baiskeli.

Mwaka 1933 baba yake alifariki. Alberto alikuwa bado kijana mdogo. Mwaka huohuo akaanza kuandika daftari lake la kiroho. Mfano aliouangalia ni Pier Giorgio Frassati, yule kijana wa Turin ambaye sasa tunamwita Mtakatifu. Aliingia kwenye Azione Cattolica, chama cha utume wa walei cha Italia, na akawa kiongozi wa vijana akiwa bado mdogo. Akasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Bologna, akahitimu mwaka 1941. Alifanya kazi kwa muda kwenye kampuni ya Fiat, Turin. Kwa hiyo mnaona: mhandisi, kijana wa parokia, mwanamichezo. Angeweza kutulia na mafuta yake ya mzeituni.

Mji uliobomoka

Kisha vita vikafika nyumbani. Kuanzia Novemba 1943 Rimini ilipigwa mabomu kutoka angani, si mara moja wala mara kumi, ni mamia ya mara. Ulikuwa karibu na mstari wa ulinzi wa Wajerumani, na sehemu kubwa kabisa ya majengo yake iliharibiwa. Watu wakakimbilia mashambani na kwenye jamhuri ndogo ya San Marino iliyo jirani.

Baada ya mashambulizi Alberto alikuwa anakwenda kufukua watu kwenye vifusi. Alikuwa anawaendea wakulima na wafanyabiashara kutafuta chakula, anapakia mifuko kwenye baiskeli, anakipeleka kwa wenye njaa na wagonjwa. Magodoro, mablanketi, masufuria, chochote alichopata. Kuna siku alirudi nyumbani bila viatu, kuna siku alirudi bila baiskeli, vyote amevigawa. Na kwenye kituo cha treni cha Santarcangelo alifungua mabehewa yaliyokuwa yamejaa watu waliokuwa wanapelekwa kambini na Wajerumani, wakapona. Tendo hilo lingeweza kumgharimu uhai.

Septemba 1944 Rimini ikakombolewa, na serikali ya muda ya mji ikaundwa. Wengi walioingia walikuwa watu wa vyama na wapiganaji wa msituni. Alberto wakati huo hakuwa na chama, wala hakuwa mpiganaji wa msituni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Lakini walimwita, kwa sababu kila mtu alikuwa amemwona na ile baiskeli yake.

Wakampa idara ngumu kuliko zote: makazi.

Orodha ya nyumba

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo ninapouona utakatifu wake waziwazi.

Fikirini. Mji umebomoka. Watu wanarudi kutoka uhamishoni kwa maelfu. Vyumba vinavyofaa kulala mtu ni vichache. Kijana wa miaka ishirini na sita ndiye anayesimamia nani apate chumba na nani asubiri. Anakuja mjane mwenye watoto. Anakuja mgonjwa. Anakuja jamaa wa jamaa yake. Anakuja mtu wa parokiani anayeimba naye kwaya, na anatabasamu kidogo. Anakuja Mkomunisti asiyetaka hata kuliona Kanisa, ila watoto wake wanalala chini. Baridi inakaribia. Na orodha ni moja.

Tukiwa darasani tulisoma kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu haki ya mgawanyo: mali ya wote igawiwe kwa kila mmoja kwa kadiri inayomstahili. Na Thoma anaitaja dhambi inayopingana moja kwa moja na haki hiyo. Ni upendeleo, yaani kumpa mtu kitu cha umma kwa kuangalia sura yake badala ya sababu inayomfanya astahili. Mtume Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake analikemea jambo hilohilo hata ndani ya ibada: tajiri anapewa kiti, maskini anaambiwa asimame kule.

Mimi niliyajua haya kama maneno ya mtihani. Kwa Alberto yalikuwa ni majina kwenye karatasi, kila siku, na nyuma ya kila jina kuna mtu aliyesimama mlangoni. Ndugu zangu, tunafikiri dhambi ya siasa ni bahasha tu. Bahasha tunaijua na tunaihubiri. Lakini upendeleo unaingia kwa upole sana. Unakuja kwa jina la undugu, la kabila, la parokia, la shukrani. "Huyu ni wetu." Mwanasiasa Mkatoliki anaweza asile rushwa hata shilingi, na bado akauharibu mji kwa kuwapa watu wake kwanza.

Baadaye Alberto alikabidhiwa pia kazi za ujenzi mpya wa mji, akishirikiana na ofisi ya serikali ya uhandisi. Hapo masomo ya Bologna yakapata kazi yake. Kumbe mhandisi hakulazimika kuacha mafuta yake ili aongoze. Aliyabeba akaenda nayo. Na hilo ndilo nililoshindwa kumwambia kaka yetu fundi: ule ujuzi wake wa nyaya na ile hasira yake ya mtaro ndiyo hasa mali ambayo halmashauri ilikuwa inaihitaji.

Vyama viliporudi, Alberto alijiunga na Democrazia Cristiana. Mnaweza kuuliza, kwa nini ajiunge na chama? Aliiona kazi ya chama kama sehemu ya utume wake. Sikiambii kizazi chenu kijiunge na chama gani. Hiyo si kazi ya frateri, na tafadhali msiniulize huko kwenye maoni. Nasema tu kwamba aliingia na dhamiri yake, hakuiacha getini.

Alipata wapi nguvu?

Hili ni swali la haki, maana hofu yangu ya mwanzo haikuwa ya kijinga. Cheo kinabadilisha watu kweli. Tumeona watu wema wakienda na kurudi wamekuwa wengine. Alberto alijilinda namna gani?

Kwanza, Ekaristi ya kila siku. Hakuichukulia kama pambo la mtu wa dini. Mtu anayepiga magoti kila asubuhi mbele ya Mkate unaogawiwa kwa wote sawa, tajiri na maskini kipande kilekile, akienda ofisini kugawa vyumba anajua anaiga nini.

Pili, daftari lake. Tangu ana miaka kumi na mitano alikuwa anajichunguza kwa maandishi. Kiongozi asiyekuwa na mahali pa kujiambia ukweli atazungukwa na wanaomwambia anachotaka kusikia.

Tatu, hakuwaacha maskini wawe faili. Alifungua jiko la kuwalisha maskini, akawaalika Misani, akasali nao, kisha yeye mwenyewe akachota supu na kuwasikiliza shida zao. Mjumbe wa serikali ya mji ameshika upawa. Siyo siku ya kampeni yenye kamera, la. Ilikuwa ni desturi yake, na aliijua tangu nyumbani, maana mama yake alikuwa na tabia ya kuwafungulia mlango wahitaji.

Papa Fransisko katika Fratelli Tutti anatoa mfano ambao unamfaa sana Alberto. Anasema kwa maana hii: ukimsaidia mzee kuvuka mto, huo ni upendo, mwanasiasa akimjengea daraja, huo pia ni upendo. Alberto aliyafanya yote mawili. Kaka yetu fundi alikuwa ameshafanya la kwanza kwa majembe, kila masika. Alikuja kuniuliza kuhusu la pili.

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 1946

Uchaguzi wa kwanza wa serikali ya mji baada ya vita ulikuwa unakuja, na Alberto alikuwa mgombea. Jioni ya tarehe 5 Oktoba 1946, yapata saa mbili na nusu, alipanda baiskeli kwenda kwenye mkutano wa kampeni. Lori la kijeshi likamgonga. Alifariki saa chache baadaye bila kurudiwa na fahamu. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Watu walimpigia kura hata baada ya kufa. Na mama yake, Maria, akachaguliwa kuingia kwenye baraza la mji mahali pake. Mama yule alikuwa ameshamzika mume, sasa amemzika mtoto, na bado akaenda kukaa kwenye kile kiti. Nikiwaza hilo, nakosa maneno.

Tarehe 5 Septemba 2004, huko Loreto, Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Kumbukumbu yake ni tarehe 5 Oktoba.

Ukihesabu, kazi yake ya uongozi wa mji ni miaka miwili tu. Hakuna sanamu ya meya Marvelli, maana hakufika huko. Lakini kuna familia zilizolala ndani wakati wa baridi kwa sababu orodha ilishikwa na mkono ulionyooka.

Tunaondoka na nini?

La kwanza: kazi hii ni yenu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inawakataza makleri kushika vyeo vya umma vinavyoambatana na mamlaka ya serikali. Mungu akinijalia upadre, mimi siruhusiwi kuwa diwani wala meya. Nyinyi walei mnaruhusiwa, na zaidi ya hapo mnaitwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Gaudium et Spes, namba ya 75, unawasifu wanaobeba mzigo wa uongozi kwa ajili ya kuwatumikia watu. Sisi tukiwatisha kwenye mimbari, na nyinyi mkikaa pembeni kwa usafi wenu, nani anabaki? Someni tena Waamuzi 9.

La pili: anza kabla hujaitwa. Alberto hakuingia ofisini ndipo aanze kuwajali watu. Baiskeli ilitangulia, kiti kikafuata. Ukiona unautaka udiwani lakini hujawahi kuuzibua mtaro, rudi kwanza kwenye mtaro.

La tatu: si kila mtu ameitwa kugombea. Wengine ni wa kumwombea aliyegombea, kumwambia ukweli, kuhudhuria mkutano wa mtaa na kuuliza hesabu. Ila usiseme "sikuitwa" wakati maana yake ni "naogopa". Utofautishe mambo hayo mawili ukiwa mbele ya Ekaristi, na mtu wa kukusikiliza.

Na hapa nimalize na yule kaka. Likizo iliyopita nilimtafuta. Nilimwomba msamaha, palepale kibandani kwake, katikati ya swichi na nyaya. Nikamwambia, "Kaka, ulinijia na wito, mimi nikakujibu kwa hofu yangu." Akacheka kidogo, akasema, "Frateri, mbona uchaguzi unarudi tena." Sijui atafanya nini. Nilimwachia picha ndogo ya Alberto akiwa na uso wake wa ujana, na tukasali pamoja Baba Yetu. Safari hii sikutoa mhadhara.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Katika mtaa wako, ni jambo gani ambalo vijana wa parokia wanalifanya kwa majembe kila mwaka, wakati lingeweza kumalizwa na uamuzi wa halmashauri?
2. Ungekuwa wewe umeshika ile orodha ya nyumba, ni nani ambaye ungeshawishika kumpandisha juu? Kwa nini?
3. Je, kuna kijana mwema uliyewahi kumkatisha tamaa ya kuongoza? Unaweza kumrudia?

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, ulimpa Mwenye Heri Alberto moyo wa kukutumikia katika maskini na katika mambo ya mji wake. Uwajalie vijana wetu ujasiri wa kukubali wanapoitwa, na mikono iliyonyooka wanapogawa kilicho cha wote. Utuondolee hofu inayojificha ndani ya usafi wetu. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenye Heri Alberto Marvelli, utuombee.

Nawatakia wiki njema. Tuombeane.